Kila Mahali Palipo na Wesonga

Zedekiah Wesonga alipata udaktari wake Jumamosi moja, kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana, katika ukumbi wa hoteli huko Westlands. Chuo kilichomtunuku hakikuwa na majengo, wala maktaba, wala mwanafunzi aliyewahi kuonekana akikimbilia darasani. Kilikuwa na majoho mekundu ya kukodisha, mpiga picha, na bwana mmoja wa kusoma majina kwa sauti nzito. Wesonga alipiga magoti kwenye zulia, akavishwa kofia yenye shada, na alipoinuka alikuwa daktari wa heshima katika uongozi wenye maono. Tuambiane ukweli: kilikuwa kilemba cha ukoka. Lakini kilimkaa vizuri kichwani, na hakuwa na haraka ya kukivua.

Hakuwa mtu mbaya, jamani. Kwa miaka mingi alikuwa ameongoza shirika la utafiti liitwalo Darubini ya Jamii, lenye ofisi ndogo katika ghorofa moja refu la Upper Hill. Kazi yao ilikuwa kuhesabu: watu, vyoo, mbuzi, watoto wasiokwenda shule, kisha kuwaambia wafadhili mahali penye shida. Katika kila mkutano Wesonga aliketi katikati ya madaktari wa kweli, wale waliosomea vitu mpaka macho yakaharibika, na kila mara mwenyekiti alitaja Dkt. huyu, Dkt. yule, halafu akafika kwake na kusema, na Bwana Wesonga. Hilo "na" lilimchoma. Alilibeba mpaka nyumbani Kileleshwa, akalala nalo, akaamka nalo.

Kwa hiyo Jumatatu ilipofika alikuwa na kibao kipya mlangoni, kadi mpya mfukoni, na sahihi mpya chini ya kila barua pepe. Alimwomba mkewe Caren amjulishe bawabu wa pale wanapoishi. Caren alimjibu kwamba bawabu humjua kwa gari lake, na gari halijasoma.

Kilichobaki bila cheo kikawa ripoti ya shirika.

Ripoti yenyewe ilikuwa kubwa. Wafadhili kutoka Ulaya walitaka kujenga chuo cha ufundi mahali pamoja tu upande wa magharibi, mahali ambapo watu wamesoma kidogo kuliko kwingine, ili vijana walioacha shule njiani wajifunze kuchomelea vyuma, kushona na kufunga nyaya za umeme. Darubini ya Jamii walipita vijiji vingi wakiuliza. Na kati ya vijiji vyote, kilichoshika mkia kwa elimu, bila hila yoyote, kilikuwa Bukhwala, huko Busia, alikozaliwa Zedekiah Wesonga. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na jambo la kwao ambalo halikuhitaji upendeleo. Wafadhili walijua ni kwao, na walikuwa wamesema haidhuru, mradi takwimu zijisemee.

Mambo yalikuwa wazi kiasi kwamba Krismasi iliyopita Wesonga alisimama kanisani Bukhwala na kutangaza kwamba chuo kinakuja. Mama yake, mjane aitwaye Nabwire, akasimama pia. Akasema anatoa shamba lake la migomba, lile la kando ya barabara, lile lililomlipia Zedekiah karo. Wiki haikuisha kabla ya mama kuifyeka migomba kwa mkono wake mwenyewe, maana alikuwa amesikia kwamba wahandisi hupenda uwanja mweupe. Sasa kando ya barabara ya Bukhwala palikuwa na visiki vitupu, na mwanamke mzee aliyewaambia majirani wasubiri tu.

Ripoti ilikuwa mikononi mwa Kasiva. Huyu alikuwa binti wa Kitui, mkazi wa Mountain View, mtu wa takwimu hapo ofisini. Hakuiandika ripoti kwa kidole ukurasa baada ya ukurasa. Alitumia lugha ya kompyuta iitwayo R: unaandika maagizo yako mara moja, kisha unayaendesha, nayo yanasoma data, yanahesabu, yanachora michoro na kupanga kurasa. Ukibadilisha kitu kimoja juu, yote yaliyo chini hujibadilisha yenyewe. Hapo ndipo penye raha yake, na hapo ndipo penye balaa lake.

Wesonga alipoletewa rasimu aliisoma kwa makini sana, lakini alisoma jina lake tu. Alijikuta uchi kila mahali. Katika kumbukumbu za mikutano: Wesonga alisema. Chini ya picha: Wesonga akikagua choo. Kwenye jedwali la washauri, mwandishi mmoja asiye na adabu alikuwa ameandika wesonga kwa herufi ndogo, kama jina la mboga. Akamwita Kasiva na kumwambia ripoti imejaa makosa.

Kasiva alipoyaona hayo makosa, alisema si kazi ngumu. Kuna amri iitwayo gsub. Unaipa mfuatano wa herufi wa kutafuta, unaipa maneno ya kuweka mahali pake, unaipitisha kwenye maandishi yote, kwisha. Akapendekeza aiambie itafute "Zedekiah Wesonga", jina zima, ili isishike mtu mwingine. Wesonga akakataa. Jina zima lilikuwa limetajwa mara chache, na tena kwa heshima. Vidonda vyenyewe vilikuwa pale alipotajwa kavu.

"Hiyo Wesonga peke yake ndiyo inaniuma," alisema. "Kubwa, ndogo, vyovyote walivyoandika. Nataka kila mahali palipo na Wesonga, pawe na Dkt. Wesonga."

"Kila mahali, boss?"

"Daktari."

"Kila mahali, Daktari?"

"Kila mahali. Hata kwa jedwali."

Kasiva angeweza kubishana. Angeweza kumweleza kwamba amri ya namna hiyo haina macho, haijui mkurugenzi wala mkulima, inajua herufi tu. Lakini Kasiva alikuwa na shahada yake ya pili, ya kuisotea, ya kukesha, na siku zote alizofanya kazi pale hakuna aliyewahi kumwekea hata nukta mbele ya jina. Siku hiyo alikuwa na kinyongo, na mtu mwenye kinyongo hufanya alichoambiwa, hicho hicho, bila kuongeza akili. Akaandika mstari mmoja. Akauambia usijali herufi kubwa wala ndogo. Kisha akauweka juu kabisa ya maagizo yote, mlangoni, pale ambapo kila faili huingilia: kumbukumbu, maelezo ya picha, na pia majina ya wenye nyumba waliohojiwa vijijini.

Dalili ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha tu. Kila alipoiendesha ripoti upya, mstari ule ulipita tena juu ya kazi yake wenyewe, ukaweka cheo juu ya cheo. Rasimu ya pili ilitoka na Dkt. Dkt. Wesonga. Mwenye jina aliitazama kwa muda, akauliza kama si ndivyo wanavyoandika kule Ujerumani. Ya tatu ilipotoka na vitatu, hata yeye aliona aibu. Kasiva akatengeneza: akaiambia gsub itafute Dkt. moja au zaidi zikifuatana, maana kuna alama ya kujumlisha inayobeba maana hiyo, na mahali pake irudishe moja. Ikarudisha moja. Wesonga aliisikitikia kidogo ile ya pili.

Sasa sikiliza ilivyokuwa kule kijijini, maana mzizi wa fitina uko huko. Vijana waliotumwa kuhoji watu wa Bukhwala walikuwa wamelelewa. Kwenye orodha yao ya maswali kulikuwa na swali la kisomo: umesoma mpaka wapi? Basi utasimamaje mlangoni pa Mwalimu Obuya, aliyekuchapa ukajua kusoma, umuulize kama yeye amesoma? Na ukimuuliza, atakujibu kwa unyenyekevu wa wazee kwamba, ah, sisi hatukusoma, tulipita tu. Vijana waliandika hivyo hivyo: hakusoma. Kasiva aliona walimu na wachungaji wamejaa kwenye safu ya wasiosoma, akajua ni adabu imeharibu takwimu. Miezi mingi kabla ya mambo ya udaktari aliweka kanuni ndani ya R: mtu akiwa na cheo kwenye jina, cheo kiaminiwe kuliko jibu lake. Mwalimu, andika chuo cha ualimu. Mchungaji, andika chuo cha Biblia. Dkt., andika shahada ya uzamivu. Ilikuwa kanuni nzuri. Aliiandika, ikafanya kazi, akaisahau.

Na Bukhwala, karibu nyumba zote zimetoka kwa babu mmoja. Babu huyo aliitwa Wesonga, na hakuwa mvivu wa kuoa.

Ripoti ikaenda. Wesonga alitia sahihi baada ya kuhakiki kila ukurasa wenye jina lake, isipokuwa viambatisho, ambavyo hakuna mkurugenzi aliyewahi kuvisoma tangu viambatisho viumbwe.

Aliyepiga simu ni Norman, afisa wa wale wafadhili hapa Nairobi, kijana mpole anayevaa fulana ya sufu hata jua likiwaka. Alianza na pongezi. Bodi imeshangaa, alisema. Bukhwala imeongoza jedwali lote. Hakuna kijiji kama hicho Ulaya, hakuna Marekani. Ni kweli kuna mwenye nyumba mmoja anayevunja kokoto mwenye uzamivu, na mwingine anayechunga mbuzi za wenyewe, lakini bodi imeonya watu wasihukumu utamaduni wa wengine. Wameamua kufanya kongamano la wasomi huko huko kijijini, wapige hema, waje na wakalimani. Chuo cha ufundi, bila shaka, kitapelekwa kwingine, kwa watu wenye shida. Alhamisi wakutane wamalize.

Wesonga alikata simu akafungua viambatisho. Mvunja kokoto alikuwa binamu yake. Mchunga mbuzi alikuwa binamu yake. Akashuka na kidole mpaka akafika kwa mtu aliyemjua zaidi ya wote: Nabwire Dkt. Wesonga, mkulima wa ndizi, shahada ya uzamivu. Cheo kilikuwa kimekwama katikati ya jina la mama yake kama mfupa kooni. Mama yake hakuwahi kukalia dawati hata siku moja, na kanisani hutia kidole gumba panapotakiwa sahihi. Wesonga aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya utotoni ya kukamatwa na kipande cha nyama mkononi.

Kabla hajavuta pumzi, simu ikalia. Ni mama. Aliuliza wahandisi wanakuja lini, maana visiki vimechipua tena. Ayakate machipukizi au ayaache? Akiyaacha watu watasema amegeuza nia.

"Kata, mama," Wesonga alisema. "Wako njiani."

Kasiva alikuwa ameshalijua kosa kabla ya kuitwa, na alikuja uso umemshuka. Alisema mstari ni wake, na angeuweka chini, kwenye kurasa tu, lau asingekuwa na hasira. Nakala ya data asilia ipo salama. Anaweza kuitoa Dkt. kila ilipoingia. Wesonga akauliza kwa sauti ya chini kama anaweza kuzitoa zote akaibakisha moja tu. Kasiva akasema gsub inaweza hata hilo, haina aibu. Tatizo ni wafadhili. Sharti lao ni kwamba ukibadilisha data baada ya kuikabidhi, useme kosa lilikuwa nini, liliingiaje, na kwa amri ya nani.

Wesonga alifikiri, akapata jawabu ambalo kila ofisi ya nchi hii hulipata.

"Tutasema ni mashine," alisema.

Alhamisi walikwenda kwa Norman, jengo la tatu kutoka kwao. Chai ililetwa. Norman alimwita Dkt. Wesonga mara nyingi ndani ya muda mfupi, na kila mara Wesonga alijikunja kidogo kwenye kiti, kama mtu aliyevaa kiatu chenye msumari. Kisha akasema aliyokuja kusema: kwamba kumetokea hitilafu ya mashine, kwamba takwimu za Bukhwala hazikutoka sawa, kwamba anasikitika sana.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika hata mlangoni. Norman aliweka kikombe chini. Alisema pole sana, lakini kama mashine imeharibika, basi imeharibika kwa vijiji vyote, na hakuna nambari hata moja ya kuaminika. Itabidi kazi ifutwe. Bodi itarudisha fungu la chuo, na mwaka ujao wanafikiria kwenda kwenye mambo ya nyuki.

"Ingekuwa kitu ndogo inajulikana," Norman alisema, "kitu mtu anaweza kuonyesha na kidole, tungerekebisha hapa hapa. Lakini mashine? Mashine ni ya nani?"

Kasiva alikuwa ameitazama meza. Wesonga alijua Kasiva angeweza kusema, kwa kuwa yote yalikuwa ndani ya kompyuta yake pale mezani, na alijua kwamba hatasema, anamwachia mwenye mzigo aubebe. Wesonga akawaza visiki. Akamwona mama yake ameinama na panga akikata machipukizi kwa sababu mwanawe daktari amemwambia kata.

"Si mashine," alisema. "Ni mimi. Nilimwambia Kasiva aweke Dkt. kila mahali palipo na Wesonga. Na kule kwetu, sisi sote ni Wesonga."

Mdomo wa Norman ulitaka kucheka, akauzuia kwa chai. Kasiva akasema na yeye ana lake, mstari aliuweka mahali ambapo haukustahili, na ana akili za kutosha kujua. Norman akaandika yote mawili. Kisha akauliza, kwa upole wake ule ule, kuhusu Dkt. ya mkurugenzi mwenyewe. Hiyo ibaki, sivyo? Ila atahitaji jina la chuo, aliweke kwenye maelezo ya bodi.

Wesonga akamsimulia yote: hoteli ya Westlands, majoho mekundu, kupiga magoti kwenye zulia, mpiga picha. Ilimuuma. Nisiseme uongo kwamba haikumuuma. Alikuwa amekipenda kile cheo kama mtoto anavyopenda viatu vya sikukuu.

"Toa," alimwambia Kasiva.

Kasiva akafungua kompyuta. "Kila mahali, Daktari?"

"Wesonga," alisema. "Kila mahali."

Safari hii Kasiva hakuwa na haraka wala kinyongo. Mstari ule wa mlangoni aliufuta. Alirudi kwenye data asilia, na kwenye zile kumbukumbu na picha akaiambia gsub itafute Dkt. iliyo mbele ya Wesonga tu, ili madaktari wa kweli wabaki na vyao. Kabla ya nukta aliweka mikwaju miwili, ile mistari inayoegemea nyuma, maana gsub ikiona nukta tupu hudhani ni herufi yoyote ile, na hapo ungefuta hata visivyohusika. Aliupima kwanza kwa majina machache. Halafu akaendesha ripoti yote. Bukhwala ikaanguka kutoka kilele cha jedwali, ikapita kijiji hiki, ikapita kile, ikatua chini kabisa. Sidhani kama mtu amewahi kufurahi hivyo kuona kwao kunaporomoka. Wesonga alishika ukingo wa meza, machozi yakamlengalenga, na Norman akasema chuo kitabaki pale pale kilipokusudiwa.

Alipowasindikiza mpaka kwenye lifti, Norman alimvuta Wesonga kando na kumnong'oneza. Aliuliza kile chuo cha Westlands kama bado kinapokea watu, na kama mtu lazima apige magoti.

Wesonga hakurudi ofisini moja kwa moja. Alikaa ndani ya gari, chini kwenye maegesho, akampigia mama yake. Alimwambia wahandisi watakuja kweli sasa. Kisha, kwa kuwa ulimi ulikuwa umeshazoea ukweli siku hiyo, akamwambia na mengine: kwamba asimwite tena Daktari mbele za watu, kwamba ile karatasi haikuwa ya kusomea.

Mama Nabwire hakushtuka hata kidogo.

"Nilijua, baba," alisema. "Mtu akisoma tunamkosa miaka. Wewe ulikuwa hapa Pasaka, ukaja Pentekoste umekuwa daktari. Nilikuita hivyo kwa sababu nilikuona umefurahi."

"Na migomba ulikata kwa ajili ya nani?"

"Nilikata kwa sababu Wesonga alisema shule inakuja. Sikukatia daktari yeyote."

Wesonga alisikia kule ng'ambo kuku, panga likiwekwa chini, na mama yake akijipangusa mikono kwenye leso.

"Lakini kama hiyo kitu unaitaka sana," mama aliendelea, "shule itakuwa hapo tu kando ya barabara. Wakifungua, njoo uanze. Nitakulipia karo tena, ingawa ndizi sina."